Mpingo una weupe wake

Ujumbe huu huzunguka kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: kigoda au kinyago cha mpingo kikiwa na weupe, umeuziwa feki. Si kweli.

Kiini cha mpingo ni cheusi chenye uzambarau. Tabaka jembamba la nje, chini ya gome, ni jeupe la manjano. Wachongaji wengi huliacha makusudi kama pambo. Watu huchanganywa na klarineti, ala za muziki za kupulizwa ambazo huchongwa kwenye kiini tu, na mara nyingi huongezwa rangi nyeusi.

Cha kutilia shaka zaidi ni weusi ulio sawasawa kila upande. Kipindue, ukwangue kidogo mahali peusi kitakoni kwa ncha ya kisu: mbao nyeupe iliyopakwa rangi ya viatu itaonyesha weupe papo hapo. Kitambaa chenye spiriti hakiaminiki, maana hata mpingo halisi huweza kutoa rangi. Uzito husaidia: kipande cha sentimita 10 kila upande hukaribia kilo 1.2, kwa hiyo huzama majini (ila miti mingine migumu nayo huzama).

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Unamkosesha wateja fundi asiyedanganya.