Kapsaisini: ukali wa pilipili mbele ya seli za kansa

Kapsaisini ndiyo kemikali inayoifanya pilipili iwashe. Wengi hudhani imo kwenye mbegu, kumbe imejaa zaidi katika utando mweupe unaozishikilia. Huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kwa hiyo ukizidiwa na pilipili huku Bukavu, mbele ya bugali na samaki wadogo wa sambaza, maji hayakufai kitu, afadhali maziwa.

Ulimi wenyewe hauungui. Kwenye ncha za neva kuna kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kuhisi joto kali, la kuanzia nyuzi 43 hivi. Kapsaisini ikikishika, kinafunguka, kalisi (kalsiamu) inaingia ndani ya seli, na ubongo unapewa habari ya moto usiokuwapo. David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba.

Kansa inaingilia wapi? Seli ya kawaida ikiharibika hujiua yenyewe, kwa utaratibu. Ya kansa inakataa kufa, inazidi kuzaana. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walitia kapsaisini kwenye seli za kansa ya tezi dume walizozikuza maabara, na nyingi zikaanza kujiua. Wakajaribu pia kwa panya waliopandikizwa kansa hiyo: uvimbe wa waliopewa kapsaisini ulikuwa kama sehemu ya tano tu ya ule wa wenzao.

Basi, ukisikia mtu pale soko la Kadutu akisema pilipili inaponya kansa, maneno yake yana mzizi. Ila hata panya wale hawakupona. Uvimbe ulichelewa kukua, basi. Na kapsaisini tunayoila, ini huivunja haraka kabla haijafika mbali mwilini. Tena kuna upande ambao wauzaji wa unga wa pilipili hawautaji: utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kutoka Mexico uliwakuta walaji wa pilipili na kansa ya tumbo zaidi kuliko wasioila. Haukuthibitisha kwamba pilipili ndiyo chanzo, lakini mimi ungenitosha kutomshauri mgonjwa aongeze kijiko.

Hospitalini kapsaisini ina kazi nyingine iliyokwisha kuthibitishwa. Kuna plasta yenye kapsaisini ya asilimia 8, hubandikwa juu ya ngozi ili kutuliza maumivu ya neva, kama yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi.