"Ardhi ya hapa ni ngumu, anza tu": dhana potofu kuhusu kupima udongo kabla ya msingi

Kwenye viwanja vingi uamuzi wa msingi hupitishwa kwa sururu. Fundi anapiga mara mbili tatu, sururu inagoma kuingia, mwenye kiwanja anaridhika. Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Kujua kama udongo ni mgumu leo hakumsaidii sana mhandisi. Anachotaka kujua ni udongo huo utafanya nini ukishabebeshwa jengo, ukilowa, ukikauka, na hali hiyo inaendelea hadi kina gani. Sururu haijibu hata moja kati ya hayo.

"Sururu imegoma, kwa hiyo udongo ni imara"

Udongo mgumu kuliko wote wakati wa kiangazi unaweza kuwa ndio msumbufu kuliko wote. Chukua udongo mweusi wa mbuga, ambao mafundi wa Nairobi wanauita blaki koton. Umetanda Embakasi, Syokimau, Kitengela na tambarare za Athi. Tanzania unaukuta kwenye mabonde na mbuga za bara, Dodoma na Shinyanga zikiwamo. Kiangazi kikikolea unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na bonge lake ukiligonga linalia kama tofali la kuchoma. Mvua zikishuka, mfinyanzi uliomo, wa jamii ya montimorilonaiti, unafyonza maji katikati ya matabaka yake membamba na udongo wote unavimba. Gari linakwama palepale ambapo mwezi uliopita sururu iligoma.

Kuna kipimo kimoja cha maabara ambacho mtu asiye mhandisi anaweza kukielewa kwa kukitazama tu. Udongo unakaushwa na kuchekechwa, kisha sentimita za ujazo 10 zinamiminwa polepole ndani ya silinda ya kioo yenye maji na alama hadi 100. Unaachwa hadi kesho yake. Ukiwa mchanga safi, utasoma 10 ileile. Ukiwa mfinyanzi wa mbuga, unaweza kuukuta umepanda hadi 20 au zaidi, umejaa kama uji. Kanuni inayofuatwa tangu miaka ya 1950 ni kwamba udongo uliovimba chini ya asilimia 50 kwa kawaida hausumbui, ila ukifika asilimia 100, yaani 10 imekuwa 20, una uwezo wa kuharibu majengo mepesi. Kipimo hiki hakitoshi kusanifia msingi, lakini kinatosha kumnyamazisha anayesema ardhi ni ngumu.

"Ni nyumba ya chini tu, si ghorofa"

Zingatia hayo maneno "majengo mepesi". Kwenye udongo unaovimba, nyumba ya chini iko hatarini kuliko ghorofa. Mfinyanzi unapofyonza maji unasukuma juu, na msukumo huo mara nyingi unazidi uzito ambao ukuta wa nyumba ya kawaida unaushusha kwenye msingi wake. Jengo zito linaukandamiza udongo usinyanyuke. Nyumba nyepesi inanyanyuliwa.

Ingekuwa inanyanyuliwa yote kwa pamoja, pengine tusingejali. Lakini maji ya paa yanaangukia pembeni mwa msingi, udongo wa katikati umefunikwa na sakafu, bomba la bafuni linavuja upande mmoja, na upande wa pili mkaratusi unafyonza unyevu kwa mizizi. Kila kona inakwenda kivyake. Matokeo yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, zinazotanuka msimu mmoja na kujibana msimu mwingine, na mlango unaogoma kufungwa masika, halafu Septemba unafungwa vizuri kama si wenyewe. Watu wanaziba nyufa hizo kwa plasta kila mwaka na kumlaumu fundi wa kuta.

Tiba zipo. Tabaka la mbuga likiwa jembamba linaondolewa lote na kujazwa moramu iliyoshindiliwa. Likiwa nene, msingi unashushwa kupita kina kinachoguswa na mvua na ukame, au nyumba inakalishwa juu ya jamvi gumu la zege lenye mihimili. Ipi kati ya hizo ni yako inategemea unene wa tabaka. Huo unaujua kwa kuchimba shimo la majaribio, si kwa kuangalia rangi ya udongo wa juu.

"Ongeza nondo na zege, msingi hautasogea"

Hii ndiyo dhana inayokula fedha kuliko zote, na jibu lake bora liko mbali, Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada. Mwaka 1913 ilikamilika ghala kubwa ya nafaka iliyojengwa kwa zege, maghala ya duara yaliyopangwa safu safu juu ya jamvi moja nene lenye nondo. Kabla ya ujenzi walipima: waliweka bamba dogo chini ya shimo la msingi, wakalipakia uzito, udongo ukastahimili vizuri. Septemba mwaka huohuo wakaanza kuijaza nafaka kwa mara ya kwanza. Oktoba, ilipokaribia kujaa, ikaanza kuzama, na ndani ya saa 24 ilikuwa imeinama kiasi cha nyuzi 27.

Zege halikuvunjika. Ghala ililala nzima nzima, imara kabisa, kiasi kwamba baadaye ilitolewa nafaka, ikanyanyuliwa kwa majeki, ikawekewa nguzo zilizoshuka hadi kwenye mwamba, ikarudi kazini. Kilichoshindwa ni mfinyanzi laini uliokuwa chini zaidi, ambao kutoboa kulikofanywa miaka ya 1950 kulithibitisha kuwa usingeweza kubeba uzito ule.

Kwa nini bamba halikuuona? Uzito wa msingi husambaa chini na kupungua kadiri unavyoshuka. Chini ya msingi wa mraba, msukumo hubaki karibu sehemu moja ya kumi unapofika kina cha mara mbili ya upana wake. Bamba la sentimita 30 linaonja sentimita 60 za kwanza tu. Nguzo yenye kitako cha mita moja na nusu inaonja mita tatu. Jengo lililokaa juu ya jamvi la upana wa mita 12 linaweza kuulizia udongo ulioko zaidi ya mita 20 chini. Kwa hiyo anayetoboa mita tatu kwa ajili ya ghorofa kumi, na wapo, hajapima udongo wa jengo hilo. Amepima wa uzio. Na kuongeza zege juu ya udongo usiojulikana ni kuuongezea mzigo.

"Jirani kajenga, na kwangu ni vilevile"

Udongo hauheshimu bikoni, na haulazimiki kufanana pande zote mbili za bikoni hiyo. Nairobi kuna maeneo yaliyochimbwa mawe ya kujengea, mashimo yakajazwa kifusi na takataka, yakasawazishwa, yakauzwa kama ploti. Nyumba ya jirani inaweza kukaa juu ya mwamba na yako nusu juu ya mwamba, nusu juu ya jalala. Hiyo ya nusu kwa nusu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu upande mmoja utashuka na mwingine utabaki. Kiwanja kikielekea mto au bonde, tegemea mabadiliko. Shimo moja katikati halitoshi.

"Tumefika kwenye mwamba, kazi imekwisha"

Mtu wa Mwanza atacheka. Mawe makubwa ya granaiti yanayoupa mji ule sura yake yalibaki baada ya jiwe lililoyazunguka kuoza kufuata mipasuko yake, na mengine kama hayo bado yamezikwa ndani ya udongo uliotokana na uozo huo. Mashine ikigonga jiwe kwenye mita nne, huenda ni jabali la ukubwa wa basi lenye udongo chini yake. Ndiyo maana kwa desturi unaendelea kutoboa ndani ya jiwe, kwa kawaida mita tatu, kwa biti ya almasi inayotoa vipande vya jiwe vya kukagua.

Mombasa shida ni nyingine. Jiwe la matumbawe linayeyushwa polepole na maji na kuacha mapango. Mtoboaji makini ataandika mahali ambapo fimbo ilidondoka ghafla au maji ya kutobolea yalipotea bila kurudi juu. Mwandiko huo wa pembeni mwa karatasi, ambao wengi hawausomi, wakati mwingine ni muhimu kuliko namba zote za ripoti.

Kuhusu namba hizo

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha nyundo: kilo 63.5 zinaangushwa kutoka sentimita 76 ili kuzamisha bomba kwenye udongo, na mapigo yanahesabiwa kwa kila sentimita 15 bomba linapozama, mara tatu. Hesabu ya kwanza inatupwa kwa sababu udongo wa hapo umekwishavurugwa na utoboaji. Mbili zilizobaki zinajumlishwa. Wengi wanadhani namba kubwa maana yake ni udongo mzuri. Kokoto moja ikikwama mdomoni mwa bomba inapandisha namba bila udongo kubadilika, na mfinyanzi wa mbuga uliokauka unatoa namba nzuri ajabu. Bila sampuli zilizopimwa maabara, namba hiyo peke yake inapotosha.

Maji nayo yanadanganya. Shimo lililotobolewa asubuhi kwenye mfinyanzi laweza kuwa kavu jioni, kwa kuwa maji yanapenya taratibu mno. Kiwango chake kinasomwa baada ya kuachwa, tena vizuri zaidi kwa bomba lenye matundu linalobaki pale.

"Ni gharama isiyo ya lazima"

Kwa ghorofa, upimaji kwa kawaida haufiki asilimia moja ya gharama ya ujenzi. Kwa nyumba ya chini, mashimo mawili matatu ya mkono na sampuli chache za maabara mara nyingi vinatosha. Sina la kuongeza.

"Ripoti ni ya kupatia kibali"

Ndiyo maana nyingine zinanakiliwa kutoka kiwanja kingine na kubadilishwa jina la mwenyewe, na nyingine zinaagizwa wakati michoro ya msingi imekwisha kuchorwa. Ripoti ya kweli inaanza na idadi ya ghorofa na mpangilio wa nguzo, ili mtoboaji ajue atoboe wapi na hadi wapi, na inamfikia msanifu wa msingi kabla hajaandika kipimo chochote. Hata hivyo imetokana na mashimo machache. Mfereji wa msingi ukishachimbwa, mhandisi aitwe autazame kabla ya zege kumwagwa. Ikionekana kona yenye udongo wa rangi nyingine, majivu, vipande vya chupa au maji yanayochuruzika ambayo ripoti haikuyataja, gari la zege lisubiri na kona hiyo ichimbwe zaidi.