Mwamba wa mchanga: mstari unaozuia maji badala ya kuyapitisha

Hapa Arusha fundi wa visima akikuta ufa, anafurahi. Miamba ya Meru na Kilimanjaro ni ya volkano, na ndani ya lava ngumu maji hufuata nyufa. Vijana wengi wanaojifunza kazi huku huondoka na imani hiyo: penye mstari kwenye mwamba, pana njia ya maji. Siku wakipelekwa kuchimba kwenye mwamba wa mchanga, imani hiyo inaweza kuwaponza.

Mwamba wa mchanga ni chembe zilizoshikana zikaacha vitundu katikati yake, na maji hukaa na kutembea humo. Mwamba usio na vitundu ukibanwa na nguvu za ardhini hupasuka, ufa ukabaki. Ila wenye vitundu vingi, kuanzia kama asilimia 15 ya ujazo wake, una nafasi ya kujikunja ndani kwa ndani. Chembe zinageuka, zinasogeleana, zinaingia kwenye matundu. Mgandamizo ukizidi, zinasagana. Kinachobaki ni mkanda mwembamba, mara nyingi wa milimita moja au chache, ambao pande zake mbili zimepishana kidogo tu. Ukiutazama haraka utasema ni ufa. Ukweli ni kwamba hakuna uwazi wowote pale, pamejaa kuliko kabla.

Wanaotumia kichujio cha mkaa wa mifupa kupunguza floridi kwenye maji ya huku wataelewa upesi. Punje za mkaa zikiwa na ukubwa unaofaa, maji yanashuka vizuri. Ukizisaga mpaka unga, mkaa ni ule ule, ndoo ni ile ile, lakini utasubiri tone kwa tone. Mkanda ni tabaka la unga lililopita katikati ya punje.

Mwaka 1978 mwanajiolojia Atilla Aydin aliieleza mikanda ya namna hii katika miamba ya mchanga ya Utah, Marekani. Mahali pengi huko imesimama kama mbavu juu ya uso wa mwamba, kwa sababu unga uliobanwa haumomonyoki haraka kama mwamba ulio kando yake.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hukosea. Mkanda uliosagika unaweza kupitisha maji mara 1,000 pungufu kuliko mwamba wake. Chukua mwamba wa unene wa mita 1 wenye mkanda mmoja wa milimita 1. Milimita hiyo moja peke yake inayakinza maji sawa na mita nzima ya mwamba mzuri, kwa hiyo maji yanayokatisha yanabaki nusu. Weka mikanda 10 ndani ya mita hiyo hiyo: yanabaki sehemu moja ya kumi na moja. Nayo haipendi kukaa peke yake. Hukua kwa mafungu, mmoja kando ya mwingine. Lakini maji yakitembea sambamba na mikanda, karibu hayaguswi kabisa. Ndiyo maana kuandika tu “mikanda ipo” bila mwelekeo wake ni kazi nusu.

Tusiitie chumvi, hata hivyo. Mkanda ambao chembe zake zimejipanga upya bila kusagika hauzuii sana. Mwingine hukatika baada ya mita chache, na maji yakauzunguka. Wa kuogopa ni ule uliosagika, au uliopakwa udongo wa mfinyanzi na ulanga, tena ukaungana na wenzake kuwa kama wavu. Wachimbaji wa gesi nao wana shida yao: gesi hupenya kwa taabu kwenye vitundu vidogo vilivyojaa maji, na gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, inakaa kwenye mwamba wa mchanga.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Juu ya usawa wa maji ya ardhini, mahali pakavu, mambo hugeuka. Vitundu vikubwa hukauka kwanza, unga wa mkanda ukabaki umenyonya unyevu kama kitambaa, na maji machache yaliyopo hushuka kwa kufuata ule ule mkanda. Kizuizi cha chini kinakuwa njia huku juu.

Kipimo cha maabara cha jinsi mwamba unavyopitisha maji kinaweza kukudanganya. Kipande kinachopimwa ni kidogo, na mtu kwa kawaida hukata panapoonekana safi, akiuacha mkanda pembeni. Kwa hiyo tandaza sampuli yote ya mwamba uliotolewa kisimani, hesabu mikanda mita kwa mita, andika unene na mwelekeo wake. Kisha pampu maji ukiwa na visima viwili vya kuangalizia, kimoja kila upande wa fungu la mikanda, vyote kwa umbali ulio sawa kutoka kwenye pampu. Kimoja kikishuka haraka, kingine kikachelewa au kisisogee, anza kuishuku mikanda hiyo kabla ya kuilaumu pampu.