Mwili ukishaoza, shingo hudanganya

Ndugu wa marehemu wakiuona mwili uliokaa porini siku tano, wengi huniambia neno lile lile: "Daktari, huyu amenyongwa. Tazama ulimi ulivyotoka." Nawaelewa. Uso umevimba na kuwa mweusi, macho yamechomoza, puani panatoka kama damu. Lakini kuoza peke yake huyaleta hayo yote. Bakteria wa tumboni hutoa gesi, gesi husukuma ulimi nje, na majimaji mekundu ya mapafuni hupanda hadi mdomoni.

Kinachoniumiza zaidi ni aliyekabwa kweli. Mwili ukiwa mbichi, naweza kukuta vitone vya damu ndani ya kope, mikwaruzo ya kucha shingoni, damu iliyovilia kwenye misuli ya koo. Baada ya siku chache za joto vitone havionekani tena. Ngozi ikichunika, mikwaruzo huondoka nayo. Misuli nayo hulowa damu iliyoharibika, ikawa myeusi kila mahali, nami siwezi kula kiapo kwamba weusi huu ni wa vidole vya mtu.

Ndiyo maana shingo naiacha mwisho. Natoa kwanza ubongo na viungo vya kifua ili damu ichuruzike, kisha nafungua misuli tabaka kwa tabaka hadi kwenye mfupa wa hioidi, kimfupa chembamba kilichopinda chini ya ulimi. Nikikuta umevunjika na damu imevilia palepale, nina pa kusimamia. Ukiwa mzima, bado sijasema hakukabwa. Kwa kijana, mfupa huo hupinda bila kuvunjika.

Funza nao hunisaidia. Inzi hupenda kutaga machoni, puani na mdomoni. Nikiwakuta wamejazana kiganjani, nashuku palikuwa na jeraha, pengine la kujikinga kisu.

Wakenya tuliliona hili kuanzia Aprili 2023 Shakahola, msitu wa Kilifi walikozikwa wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wapasuaji walikuta dalili za njaa kwa wengi, na kukabwa kwa baadhi, ila miili mingine ilikuwa imeharibika mno kutoa jibu.

Nami nikifika hapo, naandika: "Chanzo cha kifo hakikubainika." Chini yake naongeza: "Matokeo haya hayaondoi uwezekano wa kukabwa." Mawakili wamenibana kizimbani mara nyingi niifute sentensi hiyo ya pili. Sijaifuta.