Kichocho cha Pemba si cha Jiangsu

Nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa msomi kabisa: "Wachina wamekuja na dawa yao na utaalamu wao, kichocho kinakwisha." Halafu watu haohao ndio wanaokaa hotelini kujadili nchi zinazoinukia zijenge vipi jamii za maarifa.

La dawa tulipite. Hiyo dawa, prazikwanteli, ilitokana na Wajerumani, na skuli zetu zilikuwa zikimezesha watoto kabla ya mradi wa China, Zanzibar na Shirika la Afya Duniani (WHO), uliotiwa saini 2014 na kuanza kazi Pemba 2017. Na China yenyewe haijakimaliza, imekaribia.

Kinachoniudhi ni hiyo dhana ya utaalamu kushushwa kwenye bandari ya Mkoani hapa Pemba kama gunia la mchele. Wenzetu wa mradi huo, wa taasisi ya vimelea ya Jiangsu, jimbo la China, wana uzoefu mkubwa, sikatai. Uzoefu wa kichocho kipi lakini? Chao hukaa kwenye matumbo na ini, mayai hutafutwa kwenye choo kikubwa. Ng'ombe na nyati wanakibeba, ndiyo maana kuna sehemu waliwatoa mashambani wakaweka matrekta. Konokono wao, anayekuza na kutoa vijidudu vya kichocho, anaishi kingoni, nusu majini nusu nchi kavu. Chetu ni cha kibofu, na konokono wetu, Bulinus, yumo majini humohumo mama anamofulia. Kwa hiyo kunyunyiza niklosamaidi, dawa ya kuua konokono, kwetu ni kuitia kwenye maji yenye samaki, nayo inawaua. Hapo kabla ya pampu unamhitaji sheha, kiongozi wa mtaa, aelewane na watu.

Maabara nayo. Mkojo tunauchukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Unatikisa chupa, unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, unasukuma kwenye kichujio, unaangalia kwa hadubini: yai lenye mwiba mkiani. Mafundi wa Pemba wanalijua hilo tangu miaka ya 1980, mgeni alilikuta. Alichotuongezea yeye ni ukali wa kupima kila kijito na kila ziwa, kuweka kwenye ramani, na kurudi tena na tena hata pasipo na konokono. Hilo kweli tulikuwa tukilifanya kivivu.

Sasa wasiwasi wangu. Niliwahi kuwaambia watu kwa kujiamini kwamba ng'ombe wetu hawahusiki. Kichocho cha watu hawana, lakini 2018 ilichapishwa kwamba kichocho cha ng'ombe kimo Pemba, na kinapita kwa konokono haohao. Konokono akitoa vijidudu mbele yangu, kwa macho siwezi kuapa ni vya nani; mpaka vinasaba vipimwe. Kwa hiyo konokono tuliowahesabu kuwa wa hatari, baadhi yao pengine walikuwa wa ng'ombe tu. Hapo Jiangsu hakuna wa kumuuliza, maana Bulinus hawanaye.