Kisigino cha mkimbiaji: kupumzika peke yake hakutoshi

Mkimbiaji anayeamka kwa adhana ya alfajiri, akakanyaga sakafu ya vigae na kulazimika kushika ukuta huku akitembelea ubavu wa wayo hadi msalani, mara nyingi ana tatizo la fasia ya unyayo, yaani utepe mgumu wa nyuzi unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Baada ya hatua kadhaa maumivu hupungua, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakaendelea kukimbia kwa miezi kabla ya kufika kliniki kwetu.

Maumivu yakishakuwa sugu, utepe huo huwa umechakaa zaidi kuliko ulivyovimba. Ndiyo maana kupumzika wiki tatu na kumeza vidonge hutuliza tu: siku ya kurudi barabarani mzigo ni uleule, ilhali mguu umezidi kudhoofika. Mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye eksirei nao huwatia watu hofu bure, kwani wengi wanao na hawaumwi.

Kinachosaidia ni mzigo wenye kipimo. Simama ukingoni mwa ngazi, shika ukuta, na uweke taulo iliyokunjwa chini ya vidole ili vielekee juu. Inua kisigino polepole kwa sekunde 3, tulia kwa 2, kisha shusha kwa 3. Fanya hivyo mara 12, upumzike, kisha urudie, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Mguu mmoja ukishindwa, anza kwa yote miwili. Ukipata nguvu, beba begi lenye vitabu mgongoni. Kazi hii ni ya miezi, na ninawasihi msiiache katika wiki ya pili. Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili na uvute vidole kuelekea kwako kwa sekunde 10, mara 10.

Si lazima uache kukimbia kabisa. Punguza umbali, na hatua za kwanza za kesho yake ziwe mizani yako: zikiuma kuliko jana, ulizidisha. Hapa Mombasa tunapenda kukimbia pekupeku ufuoni Nyali, lakini mchanga laini hukizamisha kisigino, na mteremko wa ufuo huulemea mguu mmoja. Kwa sasa njia thabiti kama ya bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, ukiwa na raba, ni afadhali. Nyumbani vaa ndara zenye soli nene, kwani zile bapa hazikingi kitu.

Sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, huleta nafuu ya muda mfupi, na yaweza kuchangia utepe kukatika, kwa hiyo isiwe chaguo la kwanza. Ukibana kisigino pande zote mbili ukasikia maumivu makali, au kikiuma hata ukiwa umelala, au unyayo ukifa ganzi, usianze mazoezi haya kabla ya kupimwa, kwani huenda mfupa una ufa au mshipa wa fahamu umebanwa.