Kabla hujang'oa pampu kisimani

Ikifika Oktoba, huku kwetu Msalato, Dodoma, habari ni moja: "Pampu imeungua." Mtu anafungua koki, simtenki kavu, anaitwa fundi, na jua halijazama bomba lote limelazwa uani. Yalinikuta. Nililipia pampu mpya, ikaunganishwa kwenye boksi lilelile la zamani, maji yakagoma vilevile. Kumbe kilichokufa ni kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ndani ya boksi la ukutani. Bisibisi moja ingetosha. Hizi hapa ndizo dhana zinazotupotosha.

"Maji hayatoki, basi pampu imekufa."

Pampu iliyo mita 80 chini iwe ya mwisho kushukiwa, kwa kuwa ndiyo ngumu kuifikia. Anzia juu. Je, umeme unafika kwenye boksi, na ni volti ngapi pale pampu inapojaribu kuwaka? Kapasita imevimba? Floti ya tenki, lile boya linalozima na kuwasha pampu, imekwama? Kisha fundi mwenye klampu mita, kipimo kinachobana waya, asome ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita. Zikisoma sifuri, umeme haupiti kwenye mota: waya umekatika mahali, au koili, zile nyaya zilizozungushwa ndani ya mota, imekatika. Zikiruka juu sana, mota inanguruma bila kuzunguka, pengine kwa mchanga au kwa kapasita mbovu. Zikiwa chini ya zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, inazunguka bila mzigo: shafti imekatika, au maji yameshuka chini ya pampu.

Hilo la mwisho ndilo letu hasa. Sehemu kubwa ya Dodoma imekalia mwamba wa itale, na maji hukaa kwenye nyufa zake. Mvua tunazipata msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, karibu milimita 600 kwa mwaka. Kufikia Oktoba na Novemba kisima kinaweza kuwa kimeshuka mita kadhaa, na pampu unayoilaumu ni nzima kabisa. Funga kamba kizito, teremsha, pima maji yako wapi. Kazi ya nusu saa.

"Nunua yenye hospawa kubwa, upate maji mengi."

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, maana inaua pampu mpya kabisa. Kisima kikitoa lita 1,000 kwa saa, pampu ya kuvuta lita 3,000 haitakiongezea hata tone. Itakikausha, kisha itazunguka pakavu, na maji ndiyo yanayoipoza mota. Itafute ripoti ya uchimbaji uliyopewa kisima kilipochimbwa: ina kina, usawa wa maji na uwezo wa kisima. Ukiwa umeipoteza, lipia upimaji mpya.

Usidanganywe pia na namba za kwenye kasha. "Mita 120, lita 4,000" hazitokei pamoja. Mita 120 ni pale maji yanapokaribia kutotoka kabisa. Lita 4,000 ni pale yasipopandishwa popote. Piga hesabu yako: maji yakivutwa yanatulia mita 60, mnara wa tenki mita 6, msuguano wa bomba tuseme mita 4. Jumla mita 70. Muulize muuzaji pampu hiyo inatoa lita ngapi kwenye mita 70, akuonyeshe kwenye mchoro wa mtengenezaji. Chukua inayotoa pungufu kidogo ya uwezo wa kisima chako.

"Waya ni waya."

Mota ya hospawa 2 ya fezi moja inakula takribani ampea 10. Kwenye waya wa shaba wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 100, unapoteza kama volti 24 njiani. Sasa chukua jioni ambayo nyumbani zinafika volti 205 tu: kule chini zinabaki 181. Mota inavuta ampea zaidi, inachemka, koili inaungua, na lawama zinaenda kwa pampu "feki". Waya wa milimita 4 ungepoteza volti 9 hivi. Kiungo cha waya nacho kifungwe kwa kifungio cha kuzuia maji. Solotepu peke yake haitoshi.

"Ishushe mpaka iguse chini."

Chini kuna tope. Iache ining'inie mita 3 hadi 5 juu ya sakafu ya kisima, kwa kamba isiyooza. Isibebwe na waya, wala usiivute kwa waya wakati wa kuitoa. Bomba lenye uwazi wa milimita 32 hubeba lita 0.8 kila mita. Likiwa la mita 80 na valvu ya kuzuia maji kurudi ikiwa nzima, mnainua kilo 64 za maji kabla ya kuhesabu pampu na bomba lenyewe. Jirani mmoja hatoshi. Breka izimwe kabla ya yote, na kama mabomba ni ya chuma, tazameni juu: nyaya za umeme zimeua watu wakisimamisha mabomba.

"Pampu mpya ni safi, tunakunywa leo."

Kamba, bomba na mikono vimegusa udongo wa uani. Mimina kisimani dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, iache ilale usiku kucha. Kesho yake vuta maji uyamwage mbali na mchicha na mbali na kuku, mpaka harufu ya dawa iishe.